Kitambaa hiki hakiuzwi

SAA nne kasoro robo usiku. Vyombo vimeoshwa, sare za shule zimepigwa pasi, watoto wamelala. Mama anakaa kwenye kochi la pembeni, lile lililo karibu na taa, anavuta mfuko uliokuwa umening'inia nyuma ya mlango. Ndani yake mna donge la uzi mweupe, kulabu ya kroshia iliyochubuka rangi, na kitambaa cha meza ya katikati ambacho kina mwezi sasa hakijaisha. Hajamaliza hata mzunguko mmoja, mume anainua macho kutoka kwenye simu.

"Mama watoto, hivi kitambaa kama hicho ukiuza unapata shilingi ngapi?"

Swali halina ubaya. Ada ya muhula inadaiwa, umeme wa Luku unakaribia kwisha, na katika nyumba yenye mahesabu ya namna hiyo mikono inayohangaika bila kuingiza kitu huonekana kama inapoteza muda. Baba hakuuliza kwa dharau. Kwa maoni yake, alikuwa anasifia. Lakini mama anakosa jibu, na usiku ule hakufuma tena. Alizungusha uzi, akarudisha mfuko nyuma ya mlango, akaenda kulala.

Mama huyu yumo katika nyumba nyingi. Pengine wa kwako hafumi, anadarizi foronya, au anaunganisha vipande vya vitenge kuwa shuka, au anasuka ukili kama alivyofundishwa na bibi yake. Pengine si mama, ni baba. Kinachowaunganisha wote ni kwamba wana kazi ya mikono wanayoifanya kwa sababu wanaipenda, na kila anayewaona huwapa ushauri uleule: ifanye biashara.

Ushauri huo una ukweli wake, na si vizuri kuubeza. Ireland ilipokumbwa na njaa ya viazi kati ya mwaka 1845 na 1852, wanawake na watoto walifundishwa kufuma lesi kwa kroshia. Lesi hizo zikauzwa kwa watu wenye uwezo, na zipo familia zilizopata chakula kwa kulabu ile. Hapa nyumbani nako wapo watu wazima wenye kazi zao leo waliosomeshwa kwa vitambaa vya makochi, vilivyouzwa kwa walimu na wauguzi kwa malipo ya nusu mwezi huu, nusu mwezi ujao. Mwenye shida ya kweli akifuma ili auze, hilo ni jasho lake halali.

Ila kuna jambo ambalo washauri wengi hawalijui. Sweta la dukani limefumwa na mashine. Kroshia haijapata mashine yake. Viwanda hutoa vitu vinavyofanana nayo kwa mbali, lakini kroshia yenyewe, kitanzi kupita ndani ya kitanzi, bado hufumwa kwa mkono wa mtu. Kwa hiyo ukiona blauzi ya kroshia inauzwa kwa bei ya kutupa, ujue kuna mtu mahali fulani aliyeikalia kwa saa nyingi akalipwa kidogo mno. Mama wa mtaani akiingia sokoni anashindana na mtu huyo.

Ipigiwe hesabu. Chukulia mama anafuma saa mbili kila usiku, na seti moja inamchukua miezi mitatu. Hizo ni saa 180, bila kuhesabu usiku umeme ulipokatika na wiki mtoto alipopata homa. Chukua bei atakayolipwa, toa fedha ya uzi, toa nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo, kinachobaki kigawanye kwa 180. Wengi wakishaifanya hesabu hiyo mara moja hawairudii.

Mama wa kwenye kochi la pembeni alikwishaifanya. Miaka mitatu iliyopita jirani alimwona akifuma kliniki, kwenye foleni ya chanjo, akamwambia, "Dada, na mimi nifumie." Akamfumia, akalipwa, akafurahi. Akaja mwenzake wa kazini. Halafu akapiga simu mwanamke asiyemjua, aliyepewa namba yake na mtu mwingine, akitaka seti nne kwa ajili ya kicheni pati. Rangi ya dhahabu, wiki sita, nusu ya malipo sasa na nusu siku ya kuchukua.

Hapendi rangi ya dhahabu. Lakini mteja ni mteja. Alifuma usiku, alifuma kwenye daladala, alifuma akiwa anasonga ugali kwa mkono mmoja, jambo ambalo halishauriwi. Mtoto wa mwisho alikuwa na kawaida ya kumletea daftari amwangalizie. Akaambiwa, "Subiri mama amalize mstari." Siku ya pili akaambiwa vilevile. Wiki ya pili hakuleta daftari. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi alfajiri. Siku ya mwisho mteja alichukua seti tatu, akaomba apunguziwe ("Si uzi tu huo, dada?"), akasema ya nne ataifuata Jumamosi. Hakuifuata.

Seti ile ikakunjwa ikawekwa juu ya kabati. Mfuko wa nyuzi nao ukawekwa juu ya kabati. Ikapita miaka mitatu.

Kilichopotea hapo hakikuwa vitambaa peke yake. Kabla ya oda zile, mama huyu alikuwa na kijiwe. Kila Jumamosi baada ya alasiri, wanawake sita au saba wa mtaa ule walikuwa wakikutana uani kwa bibi mmoja mstaafu, kila mtu na mfuko wake. Hawakuwa na katiba wala mwenyekiti, na kwa namna ya ajabu hawakuwa na mchezo wala vikoba, ingawa kila kikundi cha wanawake mjini huishia huko. Waliketi kwenye mkeka wakafuma. Aliyekwama alimpa mwenzake kazi, mwenzake akaigeuza huku na huku, akasema, "Hapa uliruka kitanzi, fumua." Wakafumua pamoja, wakaanza upya.

Mtu mwenye oda hawezi kukaa kijiwe cha namna hiyo. Mstari wake una bei na una tarehe, hawezi kuufumua ili amwonyeshe mwenzake. Alikwenda Jumamosi mbili akiwa ameinamisha kichwa, anahesabu kimoyomoyo, anaitikia salamu nusu. Ya tatu hakwenda. Kule uani ndiko mwenzao mmoja aliposema kwa mara ya kwanza kwamba mimba yake ya pili imeharibika. Ndiko mwingine alipoomba ushauri kuhusu kijana wake aliyeanza kutorudi usiku. Maneno kama hayo hayasemwi kwa urahisi watu wakitazamana usoni, yanatoka vizuri zaidi macho yote yakiwa kwenye uzi. Mama aliyeacha kwenda aliyasikia baadaye, tena kwa watu wa pembeni.

Aliyemrudisha ni binti yake wa darasa la tano. Alipanda kiti kutafuta pini juu ya kabati, akashuka na mfuko. "Mama, hii ni nini?" Mama akataka kusema weka ulikoitoa. Badala yake akakaa, akachukua kulabu, akamwonyesha.

Wazazi wanaohangaika na hesabu za watoto wangefaa kuliona somo lile. Duara la kroshia, kwa kitanzi kile kifupi cha kawaida, huanza na vitanzi 6. Mzunguko wa pili huwa 12, wa tatu 18, wa nne 24. Kila mzunguko unaongeza 6, na duara linalala mezani tambarare kama sahani. Mtoto akisahau kuongeza, kingo zinapanda juu na sahani inageuka bakuli, na ukiendelea hivyo unapata kofia. Akizidisha kuongeza, kingo zinakosa nafasi, zinaanza kujikunja na kufanya marinda. Binti yule alikuwa akilizwa na jedwali la mara sita tangu darasa la tatu. Baada ya jioni mbili alikuwa akilitaja bila kufikiri, kwa sababu akikosea kitambaa kinamwambia palepale. Hakuna kalamu nyekundu. Kuna kitambaa kilichopinda tu.

Na marinda yale, yale ambayo mama zetu huyatia wanga au maji ya sukari yakasimama imara kuzunguka chombo cha maua, yana heshima kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuna tawi la jiometri linaloshughulika na nyuso zinazojikunja namna hiyo, zinazozidi kupanuka kadiri unavyokwenda ukingoni. Walimu wa vyuo vikuu walikuwa wakizionyesha kwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa, vikichanika kila mara. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alichoka na karatasi zile akachukua kulabu na uzi. Akafuma, akiongeza vitanzi kwa kiwango kilekile katika kila mstari. Alipata kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukishika, kukikunja na kukipima. Kwa ufundi wake, hakina tofauti na marinda ya kitambaa cha redio.

Jaribu hesabu yake na mtoto. Anza na vitanzi 20, kisha katika kila mstari fuma viwili penye kimoja. Unapata 40, 80, 160, 320, na mstari wa tano una vitanzi 640. Ndiyo maana marinda hula uzi, na ndiyo maana mwenye duka akikuambia madonge mawili yatatosha, nunua matatu. Tena uyanunue siku hiyohiyo, maana uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na nyeupe ya leo na nyeupe ya mwezi ujao si lazima zifanane.

Habari ya Taimina haikuishia darasani. Mapacha wawili wazaliwa wa Australia waishio Los Angeles, Margaret na Christine Wertheim, waliona kwamba marinda yale yanafanana na matumbawe ya baharini. Mwaka 2005 wakaanza kufuma miamba ya matumbawe kwa uzi, wakiwa na hofu juu ya mwamba mkubwa wa kwao unaoharibiwa na joto la bahari. Wakawaalika wengine. Walijitokeza maelfu, wengi wao wanawake wasio wasanii wa kazi, waliokuwa wakifuma sebuleni kama mama wa kwenye kochi la pembeni, na miji mingi ikafuma mwamba wake. Mwaka 2019 kazi hiyo ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia.

Kwa mtoto wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hiyo si habari ya mbali. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali kuliko kawaida, matumbawe mengi ya upande huu wa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, ya Mafia yakiwemo. Samaki wa sokoni huzaliana na kujificha humo. Mzazi anayetafuta namna ya kumweleza mtoto jambo hilo anaweza kuanza na uzi wa rangi mbili, wa rangi kali kwa matumbawe hai na mweupe kwa yaliyopauka.

Watoto wa kiume nao wasiachwe nje. Bado wapo kina baba wanaompokonya kijana kulabu kana kwamba ameshika kitu cha aibu, ilhali wamevaa kofia zilizodariziwa kwa mkono. Lamu, wanaume nao hudarizi kofia, kazi ya miezi, vitundu vidogovidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine, huku mazungumzo ya barazani yakiendelea. Na katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, mpiga mbizi wa Uingereza, Tom Daley, alionekana jukwaani akifuma huku akitazama mashindano ya wengine. Alikwisha kuchukua dhahabu yake, na kifuko cha kuihifadhia medali alikifuma mwenyewe.

Mama wa kochi la pembeni alirudi kijiweni Jumamosi iliyofuata, binti akiwa nyuma yake. "Shikamoo bibi," binti akasema. "Marahaba. Na wewe una mfuko wako?" Alikuwa nao. Hakuna aliyemuuliza mama alikuwa wapi miaka mitatu. Walimsogezea mkeka. Baada ya muda bibi alitazama mikono yake akamwambia alegeze uzi, anaukaza kama mtu anayefukuzwa. Pengine huo ndio ulikuwa mwanzo wa vidole vile kufa ganzi. Anayefuma kila siku hana budi kupumzisha mkono kila baada ya muda, kunyoosha vidole, na kukaa penye mwanga wa kutosha. Ganzi isipoisha, aende hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kijiweni wapo wanaouza, na wanaongea bei waziwazi. Lakini wamejiwekea desturi ambayo hakuna aliyeiandika, kwamba kila mmoja awe na kazi moja mkononi isiyo ya mtu. Hiyo ndiyo inayokuja Jumamosi. Ya oda inabaki nyumbani. Mmoja wao amefuma kitambaa kilekile mwaka wa pili sasa, kila akikaribia kumaliza anaona kosa anafumua, na wenzake wamekwisha kuacha kumcheka.

Ndivyo ilivyofika kitambaa cha meza ya katikati, na ndivyo lilivyofika swali la baba usiku ule. Mama alikaa nalo siku tatu. Ya nne, baada ya chakula, akalijibu bila kuulizwa tena.

"Baba watoto, kile kitambaa hakiuzwi."

Baba akashangaa, alikwisha kusahau. "Sikusema ukiuze. Nilisema kinaweza kuuzwa."

"Najua. Ndiyo nakuambia. Ada nitachangia kwenye mshahara kama kawaida. Hiki ni cha kwangu."

Akanyamaza kidogo. Wanaume wengine wangelichukulia neno hilo vibaya, na pengine naye alitaka kulichukulia vibaya. Akauliza, "Na ile ya dhahabu kule juu?"

Hilo mama hakuwa amelifikiria. Seti ile ilikuwa bado kabatini, imekunjwa vilevile, ikiwa na deni la nusu ya malipo ambalo halitalipwa. Alipanda kiti akaishusha. Ilikuwa imefumwa vizuri, kwa kweli, ila imekazwa mno. Akatafuta ncha ya uzi kwenye kona, akakata fundo, akavuta. Mstari wa kwanza ukafumuka, wa pili ukafuata, uzi ukaanza kulundikana mapajani ukiwa na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa.

"Unaiharibu?" baba akauliza.

"Nataka uzi. Binti anatengeneza matumbawe, hana rangi ya dhahabu. Njoo unishikie."

Akaweka simu chini. Akasogea, akanyoosha mikono yote miwili mbele kama alivyoelekezwa, mama akamvisha uzi viganjani, mzunguko juu ya mzunguko. Binti, ambaye ilibidi awe amelala, alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, usiushushe mkono wa kushoto," akasema. "Utajifunga."